Sauti ya simu haisikiki kwenye daladala? Fanya hivi kabla hujaongeza voliumu

Mwaka jana shangazi alinitumia voisi nikiwa kwenye daladala natokea Mbagala, yeye anakuja kutoka Tanga na anataka nikampokee stendi ya Magufuli pale Mbezi. Nikaifungua, sauti nimeweka mpaka mwisho kabisa, konda anagonga bati, injini inanguruma, nikasikia "nafika saa sita". Nikaenda. Saa sita hakuna shangazi, saa saba hakuna, nampigia hapatikani, kumbe alisema saa tisa. Masaa matatu nimekaa kwenye kiti cha chuma nanunua maji tu, na aliposhuka akaniuliza mbona macho mekundu hivyo mwanangu.

Mi ni fundi simu, kwahiyo kesi za "simu yangu sauti ndogo" napokea karibu kila siku, na bado ikanikuta. Ndo nikakaa chini kulishughulikia hili jambo kiukweli. Nilichogundua ni kwamba tatizo huwa sio udogo wa sauti, na ukiongeza voliumu mara nyingi unaongeza kitu ambacho ulikuwa unakisikia tayari.

Ziangalie hizo sita na tisa. Irabu ni zilezile, i halafu a. Konsonanti ni zilezile, s na t, zimebadilishana nafasi tu. Sasa ukiziondoa konsonanti unabaki na "i-a", na hapo iwe sita, tisa, pita, fika, shika, zima, kisa, yote yanakuwa neno moja. Daladala inafanya hivyohivyo. Irabu zina nguvu nyingi na nguvu yake kubwa iko chini ya hezi 1000 hivi (hezi ni kipimo cha uzito wa sauti, namba ndogo ni sauti nzito, kubwa ni nyembamba), zinapenya hata kwenye fujo. Konsonanti kama s, sh, f, t na ch ni nyembamba, zinapita haraka, na zenyewe zinakaa juu huko kuanzia hezi 2000 mpaka 8000 na kuendelea. Mngurumo wa injini upo chini kabisa, ila sauti nzito ikiwa kubwa ina tabia mbaya, inafunika mpaka zile nyembamba zilizo juu yake. Ndo maana unasikia mtu anaongea vizuri tu ila hujui kasema nini.

Kwahiyo mpangilio wangu ni huu: kwanza punguza kelele isiingie, halafu sawazisha sauti yenyewe, halafu inua konsonanti, voliumu iwe ya mwisho. Watu wengi wanaanzia kwenye voliumu na kuishia hapohapo.

Kabla ya yote, safisha

Hii wateja wangu hawapendi kusikia maana mtu kashajiandaa kununua spika mpya. Kile kiwavu cha spika ya juu, ile ya kuongelea, kinajaa vumbi, jasho na mafuta ya uso mpaka kinaziba. Voisi ya WhatsApp ukiipeleka simu sikioni inatokea kwenye spika hiyohiyo, kwahiyo ikiziba kila kitu kinakuwa kama mtu anaongea ndani ya blanketi. Chukua mswaki mkavu wenye nyuzi laini, inamisha simu kiwavu kiangalie chini, piga taratibu. Sindano hapana, nimeshaona viwavu vingi vimetobolewa na sindano. Maji wala spiriti usimwagie.

Hedifoni nazo hivyohivyo, zile za raba ukivua raba utakuta nta ya sikio imekaa mlangoni. Raba osha kwa maji na sabuni, kausha, kile kiwavu cha ndani piga mswaki mkavu. Upande mmoja ukiwa na sauti ndogo kuliko mwingine, tisa kati ya kumi ni nta. Basi hapo umeshaokoa hela ya hedifoni mpya.

Hatua ya kwanza: ziba kelele

Hapa ndo penye faida kubwa kuliko setingi zote nitakazozitaja huko chini. Hedifoni ngumu za plastiki zisizo na raba zinaning'inia tu mlangoni mwa sikio, kelele zote zinaingia pembeni. Zenye raba zikikaa vizuri zinafanya kazi kama kizibo. Neno ni "zikikaa vizuri", maana kwenye boksi mara nyingi unapewa raba saizi tatu na watu wengi wanatumia ile iliyokuja imevikwa, hizo nyingine zinapotea siku ya kwanza.

Jaribu zote. Na sikio la kulia na la kushoto yanaweza kutaka saizi tofauti, usishangae. Namna ya kuvaa: mkono wa upande wa pili upitishe juu ya kichwa, shika sikio kwa juu ulivute kidogo kwenda juu na nyuma, hapo tundu linanyooka, ndo uchomeke huku unazungusha kidogo. Halafu usipige kitu chochote, sema "aaaa". Sauti yako mwenyewe ikisikika nzito kichwani kama uko ndani ya pipa, umeziba. Ikisikika kawaida, kuna upenyo, badilisha raba. Hiki kipimo hakina gharama na hakidanganyi.

Halafu kuna hedifoni zenye uwezo wa kufuta kelele. Zina maiki inayosikiliza kelele ya nje, zinatengeneza wimbi lililo kinyume na hilo, mawili yakikutana yanauana. Wazo lenyewe ni la zamani, Mjerumani Paul Lueg alipata hatimiliki yake Marekani mwaka 1936, na Amar Bose alianza kulifanyia kazi la hedifoni mwaka 1978 baada ya kuchoshwa na mngurumo wa ndege akiwa safarini. Na kweli ndege ndo mahali pake, kwa sababu zinafuta vizuri mngurumo mzito usiobadilika: injini, jenereta, feni, AC. Kwa konda anayeita "Posta Posta Posta" au honi zinasaidia kidogo sana, hapo kinachokuokoa ni raba. Kwahiyo kwenye daladala zinalipa maana adui mkubwa ni injini, ila katikati ya Kariakoo mbele ya duka lenye spika mlangoni usitegemee miujiza. Kukiwa na upepo mkali, kwa mfano umekaa dirishani limefunguliwa, zima hiyo kazi kwa sababu upepo unaingia kwenye maiki na unapata fujo mpya.

Kitu kimoja sitaki nikipitie juu juu. Ukiwa unatembea barabarani, unavuka, au unaendesha chochote, usizibe masikio. Kwa abiria uliyekaa ni sawa, kwa mwenye pikipiki hapana.

Pa kukaa pia panasaidia bure. Coaster injini iko mbele na Hiace iko chini ya siti za mbele, kwahiyo kadri unavyosogea katikati ndo mngurumo unapungua, na upande wa dereva uko mbali na mlango na konda. Najua asubuhi unakaa unapopata, au hukai kabisa.

Hatua ya pili: sawazisha sauti yenyewe

Fikiria mhadhiri au shehe anayetoa mawaidha, anaanza kwa upole karibu ananong'ona, halafu anapandisha, halafu anashuka tena. Nyumbani ni utamu. Ndani ya basi yale ya kunong'ona yote yamepotea, na ukiongeza sauti ili uyasikie, akipandisha anakupasua. Ndo unakuta mtu kidole hakitoki kwenye batani ya voliumu safari nzima.

Dawa yake inaitwa kompresa. Ni kama kumweka mtu kwenye kitufe cha voliumu mwenye mkono mwepesi kuliko wako, sauti ikipanda anashusha, halafu yote kwa pamoja anaiinua. Pale palipokuwa chini panapanda karibu na pale palipokuwa juu.

Kwenye simu tafuta kwanza kama apu yako inayo. Za podikasti kama Pocket Casts na Overcast, hii ya pili ya iPhone tu, zina kitufe cha kuinua sauti ya mazungumzo, kiwashe tu, kinafanya kazi kama hiyo. AntennaPod ni ya bure, na yenyewe inakuruhusu kuongeza au kupunguza sauti kwa kila kipindi peke yake, kwahiyo yule mtangazaji anayerekodi kimyakimya unampandisha mara moja na huhangaiki tena. Samsung nyingi zenye Dolby Atmos zina chaguo la maongezi ndani yake, chagua hilo uache la muziki. Spotify nenda kwenye setingi za uchezaji, kuna levo ya sauti, weka ile ya juu kabisa, iliwekwa kwa ajili ya mazingira ya fujo.

Sasa kama unasikiliza mafaili yako mwenyewe, mihadhara ya chuo umeirekodi kwa simu au umetumiwa kwenye grupu, hapo kuna njia nzuri zaidi: litengeneze faili kwenye laptopu mara moja, halafu lihamishie simuni likiwa limeshaiva. Pakua Audacity, ni ya bure. Fungua faili, chagua lote, halafu fuata mpangilio huu usiuruke:

1. Liwe mono kwanza, yaani sauti moja ileile kushoto na kulia. Sababu yake nakuja nayo.
2. Kata chini ya hezi 100. Huko hakuna maneno, kuna mtikisiko wa meza na feni ya darasani.
3. Weka kompresa, kizingiti (ukubwa wa sauti ambapo inaanza kushusha) desibeli -24, uwiano (inashusha kwa kiasi gani) 4 kwa 1. Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti.
4. Kwenye ikwalaiza, ile ya kupandisha au kushusha sauti nzito na nyembamba kila moja peke yake, inua kati ya hezi 2000 na 5000 kwa desibeli 4 hivi.
5. Sawazisha ukubwa wa jumla uwe -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa jinsi sikio linavyousikia), malizia na limita, kizuizi cha sauti isizidi kiwango, kwenye -1 ili isipasuke.
6. Toa MP3, mono, kilobiti 64. Saa moja ya mhadhara inakuwa kama MB 29, bando halilii.

Namba 2 ikitangulia 3 kuna maana. Kompresa inainua kila kilichokuwa kimya na ule mtikisiko ukiwemo, kwahiyo usafi unafanywa kabla. Na usiwe na tamaa ukaweka uwiano 10 au 15. Utasikia kelele ya darasani inavimba kila mwalimu akinyamaza na kunywea akianza kuongea, kama mtu anahema nyuma ya kiti chako, inachosha vibaya sana.

Ukiwa unasikilizia kwenye kompyuta moja kwa moja hauhitaji hayo yote, VLC ya kompyuta ina kompresa ndani kwenye sehemu ya madoido ya sauti, washa, shusha kizingiti, pandisha ile ya mwisho ya kufidia sauti iliyopotea. Ya simu hutaikuta hiyo, ya simu ina ikwalaiza.

Hatua ya tatu: ikwalaiza, na hapa wengi wanakosea

Fungua setingi za simu, juu kuna kisanduku cha kutafuta, andika equalizer. Simu nyingi za Android zitakuletea vijiti vitano: 60, 230, 910, 3600 na 14000. Kwa maongezi kwenye basi mimi naweka hivi: cha 60 nashusha 6, cha 230 nashusha 3, cha 910 nakiacha sifuri, cha 3600 napandisha 4, cha 14000 nakiacha. Kile kitufe cha kuongeza besi zima kabisa.

Mtu ataniuliza mbona unashusha badala ya kupandisha. Kwa sababu hizo nzito huzihitaji kuelewa neno, injini yenyewe imeshazimeza, na zilizobaki zinafunika konsonanti zako zilezile unazozitafuta. Halafu zinakula nguvu ya kale ka-spika kadogo. Ukizitoa unapata nafasi ya kupandisha voliumu kidogo bila kukwaruza. Sauti itakuwa nyembamba kama redio ya mkulima, ukiisikiliza nyumbani utachukia, ila ndani ya basi inakata kama wembe. Kama s zinakuchoma masikio punguza hicho cha 3600 kirudi kwenye 2.

Muziki ni kinyume. Muziki injini ikishameza besi wimbo unakuwa bati tupu, kwahiyo wa muziki anayeongeza besi kidogo simlaumu. Ila usitumie setingi moja kwa vyote viwili. Kama apu yako inahifadhi, hifadhi mbili, moja ipe jina daladala nyingine nyumbani.

Na angalia kelele yako ni ya aina gani. Haya yote nimeongea kwa injini. Ukiwa gereji jirani anakata chuma kwa grenda, ile kelele ni nyembamba na kali, inakaa palepale kwenye konsonanti, ukipandisha 3600 unashindana na grenda na haushindi. Hapo ziba masikio, au subiri amalize kile chuma.

Mono, kasi, na Bluetooth

Mono nilisema nitakuja nayo. Kuna mahojiano wanarekodi mtangazaji kushoto mgeni kulia, na wewe umeacha sikio moja wazi usikie kituo chako kikitajwa, basi unasikia maswali tu majibu huyapati. Kwenye kile kisanduku cha kutafuta andika mono, washa, vyote vinakuja pande zote. iPhone pia ipo, kwenye upande wa ufikivu (Accessibility), na hapohapo kuna kijiti cha kupeleka sauti kushoto au kulia, hakikisha kiko katikati maana mara nyingine kimesogezwa na mtoto na mwenye simu anakuja kwangu akidhani hedifoni imekufa.

Kasi: WhatsApp ina 1.5 na 2, na tumezizoea. Kwenye kelele rudi 1. Konsonanti zilikuwa fupi tayari, ukizikimbiza zinazidi kuwa fupi. Mi voisi za shangazi siku hizi sizikimbizi hata nikiwa ofisini.

Bluetooth inaweza kuwa na voliumu mbili, ya simu na ya hedifoni yenyewe, na hazijuani kila wakati. Ukiona simu iko juu ila sauti ndogo, weka simu karibu na mwisho halafu pandisha kwenye hedifoni kwa batani zake. Na kama sauti ghafla imekuwa nyembamba kama ya simu ya kupiga, kuna apu imeshika maiki na hedifoni imehamia hali ya kupiga simu. Ifunge hiyo apu.

Kwa anayetumia spika, dukani au kwa mama ntilie: isogeze. Umbali ukiupunguza nusu unapata kama desibeli 6 bure, hakuna setingi inayokupa hivyo. Iwe usawa wa kichwa na ikuangalie. Ule ujanja wa kuweka simu ndani ya kikombe unaongeza kishindo kweli, lakini kinachoongezeka ni ule uzito wa katikati, maneno yanakuwa matope.

Sasa ndo uguse voliumu

Kwenye kelele mwanadamu anapandisha sauti bila kujua, daktari wa Ufaransa Étienne Lombard aliliandika hilo mwaka 1911, ndo maana jirani yako kwenye siti anamfokea mkewe kwenye simu na wala hawajagombana. Na kidole chako kwenye batani kinafanya vilevile.

Hesabu ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba mtu mzima akisikiliza kwa desibeli 80 wiki nzima ana masaa 40. Kwa 90 anabaki na masaa 4. Desibeli 10 ni nguvu mara kumi, kwahiyo muda unagawanywa kwa kumi. Mtu wa Mbagala anayekaa njiani masaa mawili kwenda na mawili kurudi, akisikiliza kwa 90, jumatatu jioni akifika nyumbani ameshamaliza ya wiki.

Kipimo chako cha mkono: weka sauti unayotumia kwenye basi, usiiguse, fika nyumbani chumbani kimya, vaa hedifoni, cheza. Ukiruka, ilikuwa kubwa mno, rudi kwenye raba na kompresa uanze upya. Na ukishuka kwenye gari masikio yanapiga mluzi au dunia imekuwa kama imefunikwa, umeshapitiliza siku hiyo, kaa bila hedifoni.

Ili ujue kama umepata setingi sahihi usitegemee hisia. Mwambie mtu akurekodie maneno 20 yaliyochanganywa, usiyaone: sita, tisa, pita, fika, shika, zima, kisa, arudie kwa mpangilio anaoujua yeye na kila neno aliache sekunde tatu. Cheza ukiwa njiani, andika unachosikia, linganisha jioni. Mi nilianza na 9 kati ya 20 na hedifoni za plastiki. Kubadilisha raba peke yake kulinipeleka 15, ikwalaiza na kompresa vikanifikisha 18, na voliumu ilikuwa chini kuliko siku ile ya shangazi.

Rudia hayohayo maneno nyumbani kukiwa kimya, sikio moja moja. Ukikosa mengi hata huko, au sikio moja liko nyuma sana ya lenzake, hiyo sio ya fundi simu tena. Inaweza kuwa nta tu imejaa, na usiichokonoe na pamba za vijiti maana zinaisukuma ndani zaidi, nenda hospitali kitengo cha masikio wakuangalie.